Nne Yenye Kichwa Wazi

Waliniita kwenye meza ya majaji kwa sababu ya ulimi.
Miaka kumi na tisa naonja kahawa hapa Moshi:
navuta kijiko kwa kelele, natema, naandika namba.
Katibu wa tamasha akasema
mwenye ulimi kama huo hakosi sikio.
Nikacheka, nikafunga tai, nikaenda.

Bwalo la shule, nyuma ya stendi. Viti vya plastiki,
spika moja inayokoroma, na mlima umejifungia mawinguni
kama mtu asiyetaka kuulizwa maoni yake.
Washiriki arobaini na mmoja. Soda moja kwa kila jaji.

Namba ishirini na saba, Haikaeli Munuo,
mkata majani ya ng'ombe.
Koti la mwanamume, vifungo viwili, kimoja si chake.
Mbegu za nyasi zimeng'ang'ania pindo la kanga.
Aliulizwa jina, akajibu ndani ya kiganja.
Aliulizwa kwao, akajibu ndani ya kiganja: Boma Ng'ombe.
Tukaelewa. Kisima cha kwao huyapaka meno rangi ya udongo
tangu utotoni, na hakuna mswaki unaoweza kubishana nacho.
Huko nyuma mtu akalia kama ng'ombe. Watu wakaangua kicheko.
Kushoto kwangu Bwana Kwayu, muuza mapambo ya harusi,
akaandika mbili kabla kipaza sauti hakijamfikia.
Mimi nikajiona muungwana:
nikaandika nne.

(Kazini vikombe vina namba tu.
Hakuna anayeniambia shamba ni la nani.)

Kisha akashusha mkono.

Hapa sijui niseme nini, nina maneno ya kahawa tu:
uchachu, uzito, kile kinachobaki kooni baada ya kumeza.
Ulikuwa wimbo wa kumtuliza ng'ombe anayekataa kukamuliwa.
Hauna beti, una jina la ng'ombe peke yake,
Jumatatu, Jumatatu,
likianzia chini, pale panapowekwa kigoda,
likipanda polepole mpaka kwenye bati,
likirudi na kitu ambacho halikwenda nacho.
Yule aliyelia kama ng'ombe alinyamaza.
Spika iliacha kukoroma, au sisi tuliacha kuisikia.
Kwayu alifuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Makofi yalikuwa marefu. Nilipiga na mimi,
lakini masikio yangu yalikuwa yanayaonja,
na chini ya utamu nikakuta kitu kingine:
tulikuwa tunajipigia wenyewe,
tumefurahia kushangaa kwetu.
Angekuwa na meno meupe tungempa nusu ya makofi yale.
Yeye hakushangaa. Alisubiri tumalize,
kama anayesubiri mvua ikatike akiwa upenuni mwa watu.

Ndipo nikafanya nilichofanya.
Nne yangu huwa naiandika kichwa wazi.
Nikachora kamstari kadogo juu yake, ikawa tisa.
Kwayu aliigeuza fomu yake, akaigeuza tena,
ila yeye ni mtu wa risiti, alikuwa ameandika
kwa tarakimu na kwa maneno:
mbili tu.

Akashika nafasi ya pili.
Ya kwanza ilikwenda kwa kijana wa Majengo, viatu vinang'aa,
niliyempa nane alipokuwa bado anapanda ngazi.

Fomu zilibandikwa mlangoni.
Haikaeli alisoma taratibu, kidole kikifuata safu,
kikafika kwenye tisa yangu, kikasimama.
Wino wa juu ulikuwa umekandamizwa zaidi.
Akanigeukia.
"Hii ilikuwa nne."
Hakuwa na hasira. Alisema kama anayetaja
bei ya mzigo wa majani.

Nikafungua mdomo nimjibu,
na ulimi wangu wa miaka kumi na tisa,
nikakuta nimeufunika kwa kiganja.