Daraja la Pili

Mnunuzi katoka Tetuani na lenzi ya sonara.
Anaifikicha bangi yetu, ananusa,
anakunja pua kama aliyepewa maziwa yaliyolala.
"Rangi imefifia. Vumbi jingi. Daraja la pili."

Mimunti hajibu.
Baridi nzima amelipiga chekeche kwa fimbo mbili,
hariri juu ya beseni, theluji mlangoni,
hadi ukadondoka ule unga wa kwanza,
wa manjano, laini kuliko poda,
na mimi nikakatazwa hata kupiga chafya.

Anakitazama kidole gumba cha bwana yule:
kimegandwa na utomvu wa vijiji vinne tangu alfajiri.

Anamsogezea birika, sabuni, taulo.

"Nawa. Kisha unuse tena.
Hapo ulikuwa unajinusa."