Sikio la Kulia

Albamu mpya ya Jivu imenifikia Jumanne,
ndani yake kikaratasi cha Ndelilio:
"Usiniambie ni nzuri. Niambie kama ni sisi."
Nimeisikiliza ghalani, zamu ya usiku,
mgongo wangu kwenye magunia ya kahawa.

Ile ya kwanza tuliirekodi Pasua, siku tatu,
gereji ya baba yake Shafii,
maikrofoni moja ikining'inia kwenye boriti
kwa waya wa kufungia uzio.
Jirani alikuwa akichomelea geti;
cheche zake zimo, wimbo wa pili, ukitega.
Wimbo wa nne umeme ulikatika
na tukauacha hivyo hivyo: magitaa yanakata roho,
sauti ya Ndelilio inabaki gizani
ikikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya lami,
na mimi nyuma, macho nimefumba, sina habari,
napiga tu.
Ngoma haziulizi LUKU.

Mji ulisema tumepagawa.
Mama yake Ndelilio alitufungia novena,
siku ya tisa akatuletea ndizi za kuchoma
akauliza kama koo la mwanawe halimuumi.
Sikio langu hakuuliza mtu.
Toazi kubwa lilikaa shubiri moja kutoka shavu la kushoto,
miaka minne.

Hii mpya imerekodiwa Arusha, kule Njiro,
chumba chenye zulia mpaka ukutani.
Mpiga ngoma ni kijana wa Sakina, Loishiye,
miguu yake miwili ni mvua ya Aprili,
hakosei hata mara moja,
na hilo linaniudhi.
Ndelilio bado ananguruma, ila sasa
unasikia hadi irabu.
Kuna mahali anaimba.
Anaimba!
Nikachukua daftari la mizani,
chini ya uzito wa gunia la mia na kumi na mbili
nikaandika: *Ya zamani ilikuwa na meno.
Hii ina dawa ya meno.*
Nikacheka peke yangu. Paka wa ghala akahama.

Wimbo wa nane, gitaa linauliza,
kisha uwazi,
kisha linauliza tena, swali lile lile, chini kidogo,
kisha uwazi.
Nikasema, wazembe hawa, studio ya pesa yote ile
wameacha pengo la kupita ng'ombe.
Nikarudisha. Pengo.
Nikarudisha.
Ndipo nilipokumbuka kichwa changu kina mlango mmoja.

Nikageuza spika za masikioni,
ya kushoto nikaileta kulia.
Na humo, kumbe, Shafii
alikuwa akijibu muda wote.
Ule mluzi wetu, jamani,
wa kusukuma jenereta mlima wa Kiboriloni,
ameunyoosha, ameutia huzuni,
ameupandisha hadi mahali ambapo sisi
tulikuwa tunaishiwa pumzi.
Nikaitafuta ile ya kwanza kwenye simu, wimbo wa pili:
umo.
Nyuma ya cheche, mwembamba, umo.
Toazi langu lilikuwa limeukalia.

Basi sasa nasikiliza kila wimbo mara mbili,
upande huu, halafu upande ule,
naunganisha kichwani
kama msomaji wa barua iliyochanwa katikati.
Ile ya kwanza haikunipa kazi hii.
Maikrofoni moja, upande mmoja:
ilifanana nami
kabla sijafanana nayo.

Sentensi ya meno nimeifuta. Karani wa asubuhi
ataona doa la wino, atadhani nimekosea kilo.

Ndelilio, ni nyinyi.
Ni nyinyi kabisa, na Loishiye mwambie
wimbo wa tano, ile zamu ya mwisho, nimeinuka nikasimama.
"Sisi" sijaiona humo.
Iko Pasua, wimbo wa nne,
umeme haujarudi,
na kuna mtu hajaambiwa.