Fomu Namba Tano

Kikao cha ukoo kilinichagua mimi
kwa sababu najua kuandika bila kukatakata,
na kwa sababu, alisema Mzee Likwata, sina haraka ya kula.
Saini saba, dole gumba moja, muhuri wa kijiji,
nikawa msimamizi wa mirathi ya kaka yangu Ausi.

Karani wa Mahakama ya Mwanzo, Newala,
akanipa karatasi yenye mistari:
Andika alichoacha, mama. Chote.
Na anachodai, na anachodaiwa.

Nikarudi Kitangari na kalamu.

Mikorosho themanini na mitatu.
Wapwa wanasema themanini na saba:
minne iko ng'ambo ya mpaka,
na mpaka wenyewe ulikuwa mti,
na mti uliungua mwaka juzi.
Bomba la kupulizia salfa, moja, mota nzima,
kamba ya kuwashia imeungwa kwa kipande cha kitenge.
Baiskeli. Haina breki.
Kisima cha simenti ubavuni mwa nyumba, kinachokinga mvua ya bati.
Nikafunua mfuniko, nikashusha ufito: maji yapo, kama nusu.
Niandike kisima, au niandike na maji?
Mjane, Somoe, alikuwa mlangoni ananitazama nikipima.
Wifi, akasema, hayo tunayanywa.
Nikafuta.

Simu ina pesa. Namba ya siri hakumwachia mtu.
Tulijaribu mwaka aliozaliwa mama,
mara tatu, ikajifunga,
kama yeye mwenyewe alivyojifunga ukimuuliza kauza kilo ngapi.

Ijumaa wapwa walikuja, wakashika upande wa mkeka wenye kivuli.
Mali ya mjomba ina njia yake, wakasema.
Watoto wakasema njia imo msahafuni.
Hakimu ana njia ya tatu, hiyo ina muhuri.
Na mimi katikati na kikokotoo cha kuazima:
thumuni ya mjane ni miti kumi na robo na ushei.
Nani atakata robo ya mkorosho?

Na ni Agosti, yote imechanua.
Alipuliza duru ya kwanza Jumatatu, Alhamisi tukamzika.
Salfa yake bado iko juu ya majani;
ukipita chini unatoka na manjano mabegani
kama mtu aliyeshikwa.
Haya maua ni ya nani?
Fomu haina mstari wa maua.

Daftari nililikuta mwisho,
kwenye sanduku la bati, chini ya stakabadhi za minada.
Chama cha msingi, salfa mifuko sita, nitalipa mnada wa pili.
Fundi bati, tumemalizana.
Likwata, mahindi debe mbili, ananikwepa.
(Nilicheka peke yangu, chumba cha marehemu, Mungu anisamehe.)
Ukurasa wa kumi na moja, mwandiko ule ule uliolala:
Esha. Laki moja na arobaini. Asiulizwe.

Ile ya Ndanda, hospitali, mwaka wa mapacha.
Mapacha hawakukaa.
Mimi nilidhani ilikuwa sadaka,
nilidhani hivyo miaka kumi na sita
kwa kuwa hakuitaja, hata siku tulipogombana kwa mbuzi.
Lakini aliyesamehe hukata mstari.
Yeye hakukata. Aliandika, akanisitiri,
akaendelea kuninunulia sukari kila Idi
huku ananidai.

Usiku kucha nilikuwa na kalamu na ukurasa ule.
Kuuchana ni rahisi: karatasi ya kaunta, imelegea.
Hakuna aliyeuona.

Newala, karani alipitisha kidole, mstari kwa mstari,
mpaka wa kumi na nne.
Huyu Esha Nambunga, anadai au anadaiwa?
Anadaiwa.
Yuko hai?
Yuko.
Basi mwambie alete kabla hatujafunga jalada.
Nikasema nitamwambia.
Akagonga muhuri, meza ikatikisika,
na kutoka begani kwangu vumbi kidogo la manjano
likaanguka juu ya fomu.
Akalipuliza.