Wastani

Dodoso lina maswali kumi na nane.
Moja hadi tano, zungushia duara.
Mhadhiri hufika kwa wakati.
Mhadhiri humudu somo lake.
La kumi na moja: Mhadhiri anakufahamu.
Hapo nikasita. Kwa sura, kwa jina,
au kwa namba ya usajili?

Tuko mia nane na arobaini, Takwimu za Awali.
Anayewahi alfajiri huweka daftari kitini,
na juu ya daftari, jiwe,
maana upepo wa Chimwaga hauna adabu,
hupekua kurasa za watu kama mkaguzi.
Mimi husomea ngazini.
Kipaza sauti kikikohoa
tunanakili kikohozi.

Usiku nampigia Tunsume, yuko chuo cha pwani.
Miaka minne tulikaa dawati moja
tukila kashata moja kwa zamu.
"Nyie mko wangapi?"
"Mia sita."
"Afadhali yenu."
"Afadhali gani? Profesa tumemwona mara tatu,
na ya tatu ilikuwa kwenye taarifa ya habari."
"Wetu haachi Jumatatu. Anasoma slaidi
neno kwa neno, hadi namba ya ukurasa."
"Feni zenu zinazunguka?"
"Huku hatudai feni, tunadai viti."
Tukacheka mpaka salio likakata,
kila mmoja akiamini mwenzake ndiye wa kuhurumiwa.

Matokeo ya mwaka jana bado yako ubaoni, kona moja imechanika:
ubora wa ufundishaji, tatu nukta nne.
Wa pwani, anasema Tunsume, tatu nukta tano.
Kantini watu waliigombania ile tofauti
kama goli la kuotea.

Baba analima uwele Mvumi.
Ana kopo la kupimia mvua, waliliacha watu wa mradi.
Wastani wa mwaka anaujua kwa kichwa
na hauamini.
"Wastani haujawahi kuotesha punje.
Niambie ilinyesha lini, na shambani kwa nani."
Mwaka juzi ilitimia yote, milimita zote, kwa siku nne,
ikasomba mbegu zetu hadi kwa Mzee Mbijima
ambaye hakupanda kitu
akavuna.

Basi niseme ilinyesha lini.
Alhamisi, wiki ya tisa,
chumba cha nyuma ya maabara, kinanuka popo.
Mwalimu msaidizi, Chilongani,
mkataba wa miezi kumi,
chaki katika mfuko wa shati kama mvutaji.
Alikuwa amesahihisha karatasi mia mbili na kumi
kwa kalamu ya kijani; nyekundu, alisema, ilikwisha Februari.
Jibu langu lilikuwa sahihi. Nililichungulia kwa jirani.
Akaweka vema,
kisha kando ya mstari wa nne akaandika:
Ulivukaje kutoka hapa kwenda hapa?

Sikuvuka. Nilibebwa.
Nikamwendea na uongo niliouandaa njiani.
Hakuusikiliza. Akanipa chaki,
akaenda kusimama dirishani, mgongo kwangu,
akitazama mbuzi wanavyopandia uzio wa hosteli.
Nikakosea. Nikafuta kwa kiganja.
Nikakosea kwa namna nyingine.
Sijui ilipita saa nzima au zaidi;
mstari ulipokubali nilikuwa mweupe hadi viwikoni
kama mtu aliyetoka kukanda unga,
na yeye, bila kugeuka, akasema, "Enhe. Na wa tano?"

Mkataba wake uliisha mwezi uliopita.
Dodoso halimjui.
Juu pameandikwa jina la Profesa,
na Profesa amesafiri.

Nimezungushia tatu. Nimezungushia nne.
La kumi na moja nimeliruka.
Mwisho kuna Maoni Mengine, mistari miwili tu.
Nimeandika: mia nane na arobaini.
Nikachora mshale,
nikaandika: tatu nukta nne.
Na juu ya mshale, kwa kalamu ya kijani niliyoazima,
Mlivukaje kutoka hapa kwenda hapa?