Leo ni Machicha

Alfajiri, kabla sijatandika majamvi,
simu inatetemeka juu ya kinu kilichofudikizwa.
Ni Shaame, kutoka milima ya Austria,
anakoendesha mtambo wa kusawazisha theluji
usiku kucha, ili wageni wakiamka
wakute mteremko umenyooka kama shuka la biarusi.

Mwanzo alinitumia tarakimu:
juu sentimita tisini, bondeni ishirini na tano,
njia kumi na moja wazi, tatu zimefungwa, upepo.
Nikamjibu: Mwanangu, mie si karani wa mizani.
Theluji naijua moja tu, nyeupe, ya kwenye kalenda.
Nambie nielewe.

Akanyamaza siku mbili.
Ya tatu akasema: Mama, leo ni unga wa mchele,
ule uliopita chekeche mara ya pili,
ukiupulizia unaondoka.
Wageni wanacheka hata wakianguka.

Tangu hapo nnaijua.
Nnaijua ya chenga, inayokwaruza chini ya mbao zao;
ya chumvi ya mawe, iliyolala nje ikaganda;
nnaijua ya bokoboko, inayokamata miguu ya wazee;
na ile ya mchana wa jua, ute wa bamia,
ambayo Shaame haitaki,
kwani usiku huganda na makovu yake yote
na yeye ndiye wa kuyafuta.

Bikombo wa nyumba ya pili huja na kikombe chake,
si kwa chai, kwa habari.
"Leo huko wamepika nini?"
Huku tunachambua karafuu, vidole vyeusi,
makonyo huku, karafuu huku,
tunabishana kama theluji ina harufu.
Yeye hashindiki: kitu kisicho na harufu
nani atakitolea pesa?
Nikamuuliza Shaame. Akafikiri.
"Inanuka kama ndani ya friji mpya,
kabla hujatia kitu."

Januari hii mvua haikujua mpaka.
Hapa Mtambwe ilishuka saa nane mchana, jua li wazi.
Tukaanua mbio, jamvi la tatu likatuponyoka.
Pishi sita zikalowa. Zitapauka;
kituoni kijana atazisugua kiganjani,
atanitazama kwa huruma, kisha ataandika daraja la tatu.

Kesho yake simu ikatetemeka.
Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kitako.
Mama, leo ni machicha.
Machicha ya tui la tatu, hayana kitu tena,
nyasi zinachungulia chini yake.
Mvua imenyesha hadi kileleni.
Wamewasha mizinga ya kutengeneza theluji,
baridi haikutosha, ikatema maji.
Viti vinaning'inia kwenye waya bila mtu.
Njia zilizo wazi: moja. Ya watoto.
Meneja katwambia tungoje nyumbani,
siku isiyo na cha kusawazisha haina ujira.

Nyumbani ni chumba cha vitanda vinne
na dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Nikabonyeza kitufe, nikakaa nacho.
Jogoo wa Bikombo akaingia ndani ya sauti yangu.
Nilitaka kusema rudi. Nilitaka kusema usirudi,
deni la nauli lingalipo, nusu yake.
Nikampa hali ya huku, kama anipavyo yake:

Majamvi tisa. Mawili wazi, saba yamekunjwa.
Mawingu upande wa Fundo, hayana haraka.
Karafuu za juzi ukizipinda zinalia ta;
za jana ni uji.
Jua: sentimita mbili, labda tatu,
juu ya mnazi wa babu yako.

Alama zikageuka buluu. Amesikia.
Zikapita dakika, nikaenda kuchota maji, nikarudi.
Aliandika neno moja tu:
Anika.

Nikatandika jamvi la kwanza.
Manyunyu yalikuwa hayajakoma.