Kistari si Sifuri

Mchwa wamekula pembe za daftari la kituo cha Moroto
wakaacha namba. Nimezinakili zote:
Aprili, milimita sitini na mbili; Mei, mia na tatu.
Kisha, mwaka wa sabini na tisa,
mkono wa wino wa buluu unakoma.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Miezi thelathini na mmoja ya sifuri kwa mwandiko mwingine,
wa mtu aliyeketi alasiri moja kuziba pengo.

Modeli yangu haijui bunduki zilizotoka kambini mwaka ule.
Haijui kwamba msoma kipimo alikimbilia Soroti na mkewe,
na kopo lake la shaba likageuka kibaba cha pombe ya mtama.
Imeamini sifuri. Imejifunza ukame usiokuwapo,
au uliokuwapo, maana mwaka wa themanini
watu walikufa njaa kweli,
na mimi nitatenganisha vipi
mvua iliyokosekana na jicho lililokosekana?

Longoli, mwenye ufunguo wa lango, amepiga simu mara tatu.
Maji yamebakiza mita moja kufika ukingoni.
"Inanyesha au hainyeshi?"
Sabini kwa mia, namwambia.
Kimya. Nyuma yake ng'ombe, na mtu anayefoka.
"Madamu, hizo thelathini zilizobaki
nani atazinywesha?"

Nafuta sifuri, naweka kistari.
Moja moja. Kistari ni ungamo: hapa hatukuwapo.
Umeme unakatika. Naanza upya
kwa jenereta la fundi cherehani wa jirani.
Sabini inakuwa sitini na moja,
na ukanda wa shaka unatanuka kwenye grafu
kama mkeka uliokunjuliwa kwa wageni wengi.
Nimepata ukweli zaidi, na uhakika umepungua.

"Zungusha usukani mara sita, uishie hapo."
"Hesabu ndizo zimesema?"
"Hesabu zimesema labda. Sita nimesema mimi."
Nasikia chuma kikilia, kisha maji.

Kesho saa tatu asubuhi nitainama nyuma ya ofisi,
penye kipimo, kati ya choo na mti wa mkwaju.
Kukiwa na maji nitaandika kiasi chake.
Kukiwa kukavu nitaandika sifuri,
na kando yake jina langu, Apolot,
herufi zote,
ajue atakayesoma
kwamba mtu alikuja, akatazama.