Mengineyo

Kikao kilifunguliwa saa kumi na mbili na robo jioni,
siyo kumi na mbili kamili kama nilivyoandika kitabuni,
kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa bado anaitafuta kengele.
Ilikutwa jikoni. Mpishi wa hoteli
alikuwa ameigandamizia bili zisipeperuke.

Waliohudhuria, kumi na tisa. Wenye udhuru, wanne.
Bwana Hasmukh, mhazini, alitozwa faini ya elfu mbili
simu yake ilipolia katikati ya sala.
Akatoa elfu tano, akakataa chenji:
"Iende kwenye matone."

Hivyo ndivyo tunavyochangisha hapa Moshi:
kwa kuchelewa, kwa tai iliyosahaulika,
kwa anayesema "mimi" mara tatu katika hotuba moja.
Vijikosa vyetu tunavitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
na robo mwaka ikiisha tunavimwaga mezani,
vinageuka glovu, pamba, dawa ya ganzi,
dizeli ya kumshusha daktari mpaka Kahe.

Yatokanayo.
Kambi ya macho ilifanyika Jumamosi, shule ya msingi, madarasa mawili.
Daktari Lyatuu alitundika ubao wake wa herufi
palipokuwa na ramani ya Afrika.
Walianza kufika kabla ya jua:
mjukuu mbele, fimbo katikati, babu nyuma,
wote watatu rangi moja ya vumbi.

Mtoto wa jicho, tunasema.
Sijui nani aliupa ugonjwa jina la kulelewa,
kana kwamba ukungu ule una mama.

Mzee Ndesario aliambiwa presha imekwisha kula mshipa.
Tumechelewa.
(Kwetu kuchelewa ni elfu mbili.)
Daktari alimweleza mara mbili, akaitikia mara mbili,
kisha akauliza kama lile boksi tupu la dawa lina kazi,
maana lingemfaa kuwekea mbegu za kunde.
Sikuliandika. Fomu haina safu yake.

Waliopasuliwa, thelathini na sita.
Lori la Bwana Hasmukh la mabati liliwapandisha mjini
wamekalia magodoro, wakiulizana majina.

Jumatatu bendeji zikafunguliwa.
Shirima alikuwa tayari na kamera na bango la klabu,
na mlima, ambao wiki nzima ulijifunika,
asubuhi hiyo ulikuwa nje wote, mweupe hadi mabegani.
"Bibi, tazama mlima! Tazama kule!"
"Mlima naujua," alisema Bi Ndeshukurwa.
"Wewe, njoo hapa."
Akamvuta mjukuu wake Aikande kwa kola.
Shati jeupe la shule, vifungo vitano,
vyote vimeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Nani kakushonea hivi?"
Mtoto akatazama viatu.
"Nani?"
"Ni wewe, bibi."

Mwaka mzima alilivaa.
Paredi ya asubuhi, mwalimu wa zamu,
wenzake na midomo yao,
mwaka mzima, na nyumbani hakutamka.
Bibi akavipitia vifungo kimoja kimoja,
safari hii mikono ikiwa mapajani,
akacheka, akacheka, mpaka muuguzi akamkanya,
kwani na jicho nalo limeshonwa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo.
Watu kumi na tisa wakatazama sambusa.
Nami, niliyeandika stakabadhi za kahawa
miaka ishirini na saba bila kufuta hata moja,
nikaandika kama kila Jumanne:
Hapakuwa na mengineyo.

Usiku, nyumbani Pasua, nikakifungua tena kitabu.
Nikaazima kalamu ya binti yangu, ile ya kusahihishia madaftari,
nikakata lile "hapakuwa",
nikaandika habari ya vifungo, na chini yake boksi la kunde,
nikasahihisha na saa ya kengele.

Kikao kilichofuata nilitozwa elfu mbili
kwa kuchafua kumbukumbu kwa wino mwekundu.
Nilitoa elfu kumi.
Mhazini alisema hana chenji.